Zaburi Ndani ya Soksi

Mpaka leo nikipita karibu na uwanja ule wa Kalemie, ule wenye ukuta wa matofali, nacheka peke yangu njiani, na watu wananitazama kama mzee aliyeanza kupotewa na akili. Waache wanitazame. Wao hawakuona timu mbili nzima zikiruka ukuta huku mlango uko wazi.

Ilikuwa miaka ya Zaire. Sisi tulikuwa watu wa kuja. Wazazi wetu walishuka na mitumbwi kutoka kaskazini mwa ziwa, wakajenga karibu na ufuko, wakavua, wakafanya biashara na Kigoma, na wakasali katika kanisa dogo la mabati. Mama zetu walianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye mchanga wa ufuko, bega kwa bega na wenyeji. Kisha mwaka mmoja samaki walipungua, na wenyeji wakaanza kusema ni sisi tuliowafukuza kwa kelele za nyimbo zetu. Wakawakataza mama zetu kuanika pale. Waende ng'ambo ya mto Lukuga, walisema. Ni mbali huko, na ndagala mbichi hazisubiri mtu.

Aliyeumia zaidi ni dada mkubwa wa mama yangu, mjane aliyenilea. Nilimwita Mama Mukubwa. Aliishi kwa ndagala, alinisomesha sekondari kwa ndagala, na aliongoza kwaya ya akina mama. Alikwenda kulalamika kwa shefu wa kartye, yaani mkuu wa mtaa wetu. Wenyeji nao wakaenda. Akarudi tena, nao wakarudi tena, mpaka shefu akachoka. Alikuwa mtu mnene, hakuvua abakosti yake, lile koti la wakubwa wa Zaire, hata wakati wa joto, na alipenda mpira kuliko kazi yake. Akatoa hukumu ambayo sijasikia mfano wake popote.

"Muache makelele," alisema. "Vijana wacheze mpira siku ya posho, Jumamosi hii. Wakishinda wa kanisa, wamama waanike. Wakishinda wa hapa, wamama wavuke Lukuga. Filimbi nitapuliza miye mwenyewe."

Jioni ile Mama Mukubwa alipiga magoti, akamweleza Mungu habari yote kama anavyomweleza jirani, akasimama, akakung'uta kitenge chake. "Imeisha," akaniambia. "Sasa mukacheze."

Nilikuwa kapiteni. Nilikuwa pia msomi, na msomi ana njia nyingi za kuogopa. Wenyeji walisifika kwa dawa ya mpira. Ilisemwa wanazika kitu kwenye mlango wa uwanja, na timu inayokanyaga pale miguu yake inakuwa uji. Kila timu mjini ilijua la kufanya: hupiti mlangoni, unaruka ukuta. Niliwaambia vijana wetu kwamba sisi ni watu wa Mungu na hatuogopi kitu. Halafu nikawaambia turuke ukuta, kwa sababu Mungu ametupa na akili. Na ili tusiingie mikono mitupu, nilichana kurasa za Zaburi kutoka Biblia ya Mama Mukubwa, nikampa kila mmoja kipande akitie ndani ya soksi. Nilijiona Yoshua kabisa.

Jumamosi ile tukapanda ukuta wa upande wa ziwa. Nilipofika juu nikatazama mbele, na juu ya ukuta wa upande wa pili nikaona matako ya watu. Ni wenyeji, nao wanaruka. Walikuwa wamesikia kwamba akina mama wetu walifunga na kuomba pale mlangoni, na hawakutaka kukanyaga maombi. Tukabaki tumetazamana, timu mbili juu ya kuta mbili, kama kuku juu ya paa.

"Ninyi nanyi munaruka nini?" golikipa wao akatuuliza kwa sauti. Alikuwa jitu la kuvuta nyavu. "Mulango si wenu?"

"Tulifikiri ni wenu," nikajibu.

Hapo ngoma ikalia. Kwaya ikaingia kwa mlango, Mama Mukubwa mbele, wamevaa vitenge vya sare, wakikanyaga polepole kila kilichokuwa pale chini, wakiimba kama watu waendao arusini. Nilistaajabu mpaka nikasahau niko wapi. Nikaanguka vibaya, na kifundo cha mguu kikapinda.

Nilicheza hivyo hivyo, nikichechemea. Kufika mapumziko tulikuwa tumefungwa goli moja. Mama Mukubwa akaja, akanivua kiatu, akavuta soksi, na karatasi ikadondoka, imelowa jasho.

"Hii ni nini?"

"Zaburi, Mama."

"Ya Biblia ya nani?"

Akaigeuza, akaitambua.

"Wale wamezika dawa yao mulangoni. Weye umezika Mungu mu soksi. Tofauti njo gani?"

"Tofauti njo harufu," akasema mama mmoja wa kwaya, na wote wakaangua kicheko, hata mimi niliyekuwa na machozi ya maumivu.

Mama Mukubwa hakucheka. "Mutoe, wote. Mungu alinisikia siku ile nyumbani. Hangoji kukanyagwa na vidole vyenu ili asikie tena."

Wakatoa, kila mmoja akinusa karatasi yake na kumkejeli mwenzake. Biblia ile aliitumia na mapengo yake mpaka alipokufa. Baadaye nilipata kazi nzuri, nikaweza kumnunulia nyingine, na sikununua. Hilo haliniachi.

Kipindi cha pili niliketi na kwaya, na kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufanya, niliimba. Sijui kuimba. Lakini kitu fulani kilikuwa kimewatoka vijana wetu pamoja na zile karatasi. Walikimbia wakicheka, wakaanguka wakicheka, wakasawazisha goli. Jua likiwa limeinama, mmoja wao akapiga shuti bovu sana, la kwenda ziwani, likamgonga shefu tumboni, likabadili njia na kuingia wavuni golikipa akiwa amelala upande mwingine.

Shefu akalitazama tumbo lake. Akatutazama sisi, akawatazama wenyeji, akapuliza filimbi na kuonyesha kati.

"Shefu, tumbo lako limetuua," golikipa akalalamika.

"Goli ni goli," shefu akasema. "Tumbo langu halisali kanisani."

Sisi tulicheka mpaka tukakaa chini, na wenyeji wakashindwa kuendelea kukasirika. Mama Mukubwa peke yake alikuwa amefumba macho, midomo ikisema asante.

Mechi ikaisha hivyo, mawili kwa moja, na Jumatatu tukashuka ufukoni na mabeseni. Mimi na mguu wangu uliovimba nilikwishatangulia, nikachora kwa fimbo mstari mrefu mchangani, ili wenyeji wajue mwisho wao uko wapi. Mama Mukubwa akaufuta kwa kisigino, akitembea kutoka mwanzo wake hadi mwisho. Mama wa golikipa alikuwa amesimama mbali, beseni kichwani, hajui kama arudi.

"Mama, leta ndagala zako," Mama Mukubwa akamwita. "Jua linapita."

Yule akaja. Wakamwaga ndagala, wakazitandaza kwa viganja, na muda si muda walikuwa wakimsengenya shefu kwa furaha kubwa. Kapiteni mshindi alipewa kazi ya kufukuza kunguru.