Mwandiko wa Harusi

Raheli Kasiani alikuwa na mwandiko usiofaa kazi yoyote ya maana, ndiyo maana kila mtu aliutaka. Alifundishwa na mwalimu mmoja wa misheni kule Berega: herufi zimelala kidogo, nyembamba zikipanda, nene zikishuka, mikia imejikunja kama mmea wa maboga unaotafuta pa kushika. Kilosa nzima aliwaandikia kadi za harusi. Kadi ya taipu watu waliiogopa. Ilifanana na wito wa mahakama. Kuna mzee aliipokea akakimbilia porini na mbuzi wake, na harusi ya mpwa wake ikampita.

Kazi yake hasa ilikuwa ukarani katika ofisi moja ya serikali hapo Kilosa. Mumewe, Petro, alipata upishi kwenye nyumba ya wageni Mikumi, na Raheli akaomba uhamisho amfuate. Mkuu wake, Bwana Yeremia, aliisoma barua, akaita ofisi nzima.

"Hebu oneni hii R! Tausi mtupu!"

Akaibandika ukutani. Haikwenda kwingine.

Raheli akaomba tena, safari hii kwa taipu.

"Hii si yako," akasema Bwana Yeremia. "Wewe huandiki hivi."

Mwaka 1974 ikafika zamu ya Kilosa kuhamia vijiji vya ujamaa. Amri za taipu zilisambazwa, na watu wakahama kweli, ila kuelekea milimani. Hapo Bwana Yeremia akapata wazo, na Raheli akaletewa wino na kadi. "Mnakaribishwa nyote," aliandika kama alivyoagizwa, "pamoja na watoto na vyombo."

Kitongoji kizima kikajitokeza barabarani kimevaa kanga mpya, ngoma mbele. Malori yalikuwa yanangoja.

"Mwanangu," Bibi Siwema wa kitongoji hicho, akiwa tayari juu ya lori, alimwita Raheli aliyesimama kando ya barabara, kuku kampakata, "harusi ya nani hii?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimeuliza harusi ya nani."

Kesho yake mkono wa kulia wa Raheli ukafa ganzi, au ndivyo alivyosema, akawa anaandika kwa wa kushoto, herufi zinaanguka kama walevi. Karani asiyeandika, alijipa moyo, nani atamng'ang'ania? Bwana Yeremia alishtuka kama aliyefiwa. Akampa gari la ofisi hadi zahanati moja ya Dumila, yaani upande ulio kinyume kabisa na Mikumi.

Tabibu akaukunja mkono, akaunyoosha, akampa kalamu.

"Andika jina lako."

Alikusudia kuliharibu. Vidole havikumuuliza, R ikatoka na mkia wake wote.

Tabibu akaiinamia. "Kumbe ni wewe! Dada, binti yangu anaolewa mwezi wa sita."

"Nitakuandikia kadi zote," akasema Raheli upesi. "Wewe waandikie tu ofisini kwamba mkono umekufa. Mume wangu yuko Mikumi."

Tabibu akafikiri kwa haki kabisa.

"Nikiandika umekufa, dada, watu si wataniuliza kadi zangu kaandika nani?"

Raheli akamwomba wino, aanze kadi.