Mhadhiri Aliyefurahi Kutoeleweka

Jumanne nilikuwa kwenye steshenari moja ya mtaa wa Kashai nikisubiri karatasi zangu zichapwe, akaingia mhadhiri wa makamo na mwenzake, mama anayewasaidia wahadhiri kufundisha kwa mtandao. Chuoni kwao umeme ulikuwa umekatika, na wanafunzi, waliokuwa wakisomea makwao, walikuwa wanamsubiri kwenye simu zao.

Mhadhiri akakaa kwenye kompyuta ya duka, akaanza kipindi vizuri. Baada ya muda akasimama, akakaa, akasimama tena, akawa anapangusa kioo cha kompyuta kwa kiganja kana kwamba kina ukungu.

"Naongea na nani?" alimnong'oneza mwenzake. "Darasani nikiona mtu amekunja uso, najua nimempoteza. Hapa naona majina tu."

"Waulize, waitu, ndugu yangu," mama akamjibu. "Halafu unyamaze, uwape nafasi."

Akauliza kama wameelewa. Kimya. Akashika kitasa cha mlango kama anayetaka kuondoka. Mama akamvuta mkono. Tukasubiri wote, hata mwenye duka akasimamisha mashine ya fotokopi.

Mara ikasikika sauti ya binti, na kuku wakilia nyuma yake. "Mwalimu, niko kijijini Nshamba. Mimi sijaelewa tangu mwanzo."

Mhadhiri akacheka kwa furaha, akaketi. "Asante sana, mwanangu! Tuanze upya."

Nami kila wiki, kwenye safu hii, huwaandikia watu nisiowaona. Aliyekwama leo aniambie tu, sitanuna. Wanaonikosesha usingizi ni wale wanaonyamaza.