Mrundi na Kipande Nyuma ya Choo

Juzi pale Zombe nilimkuta mama mmoja kashika kiuno, ndengu zimekauka, maganda yanapasuka shambani. Vijana wamehamia mjini, mwanawe yuko Qatar, na mwethya wao wa kusaidiana mashambani umebaki na akina mama wenye magoti mabovu. Basi mama akawaletea wenzake Mrundi muuza njugu, awasaidie kuvuna.

Mwenyekiti wa mwethya akakunja mikono. "Huyu hapana. Akituvunia, sisi tutamrudishia kazi wapi? Burundi?"

"Aki, ndengu zinaisha!" mama akalalamika.

Mama akaenda nyuma ya choo, akachora mstari kwa kisigino. "Hapa ni pake. Apande njugu."

Mwenyekiti akamrushia Mrundi gunia. "Haya jirani, inama!"

Serikali huuliza pasipoti. Sisi Wakamba twauliza tutakulimia wapi.