Sufu Nyeusi, Jua la Januari

Nywele za sufu wakati wa kiangazi zinamtaka mtu mvivu. Huwezi kubeba mtungi, huwezi kubeba kuni, huwezi kulala bila kufunga kitambaa, na jasho likianza kutoka lazima usimame kivulini kama mbuzi mpaka likauke. Mimi sikuzaliwa mvivu. Lakini kiangazi kimoja, miaka ya sabini ikiwa bado michanga, nililazimika kuwa mvivu. Mpaka leo nikiwaona wajukuu zangu barazani wakinyunyizia nywele zao za kuunganisha maji yenye manukato, macho yangu yanakuwa mazito, pua yangu inasikia maua ya pareto yaliyoanikwa juani, na mimi nimekwisha rudi kule.

Wajukuu hao ni warembo, nasema bila haya. Urembo huo hawakuuokota njiani. Ila wanadhani watu walianza kujua vichwa vyao jana.

Kwetu kulikuwa juu, upande wa Ikonge, mahali ambapo ukungu wa asubuhi unakaa kwenye majani chai hata wakati wa jua kali. Mvua za mwisho wa mwaka zilinikuta na homa ya matumbo. Nililala muda mrefu nikiona vitu ambavyo havikuwepo, ng'ombe wakipita juu ya paa polepole, miguu yao haigusi nyasi. Nilipoamka, nywele zilikuwa zimebaki kwenye mkeka. Zile chache zilizosalia zilikaa mafungumafungu kama nyasi kwenye boma la zamani, na nyanya yangu, ambaye kwa Kikisii tunamwita magokoro, akachukua wembe akazimaliza zote.

Sasa elewa jambo hili. Nywele fupi si kitu, sisi sote tulikuwa na nywele fupi. Lakini kichwa kilichonyolewa kwa wembe mpaka kinang'aa, kwetu ni kichwa cha msiba. Mjane hunyolewa hivyo. Ukimwona mwanamke yuko hivyo njiani, unapunguza sauti na kumpa pole kabla ya kumuuliza habari.

Na mimi nilikuwa mchumba wa mtu. Ng'ombe walikuwa wamekwisha fika kwetu. Kijana alitoka upande wa Suneka, chini kule kwenye joto, na alifanya kazi katika kiwanda cha majani chai huko Kericho. Likizo yake ilikuwa kiangazi hicho, na kanisa lilikuwa limekwisha tangaza ndoa.

Ndoa za kwetu zina mtu wa katikati, esigani, anayepeleka maneno ya nyumba hii kwa nyumba ile na kuchunguza kama kuna ubaya uliofichwa. Wetu alikuwa mama mzee mwenye hatua ndefu na macho ambayo hayakuachi. Alinikuta nimekaa karibu na kitanda cha miti tulichoanikia pareto, nikigeuza maua, kichwa wazi kama kibuyu.

"Huyu amefiwa na nani?" alimuuliza magokoro.

"Amefiwa na nywele," magokoro akamjibu.

Esigani hakucheka. Alikunywa uji wake, akaenda zake Suneka, na wiki ile ile akarudi na maneno ya mama mkwe wangu mtarajiwa. Aliyasema mbele ya mama yangu, mimi nikisikiliza nyuma ya mlango.

"Mama ya kijana anampenda msichana. Ng'ombe hawarudi. Lakini mwanawe hatatoka kanisani na mke aliyenyolewa kama mjane, watu waulize ni nani amekufa. Anasema mngoje kiangazi kingine, nywele ziote."

Kiangazi kingine. Mama alisema ni maneno ya busara. Mimi nilitoka nikaenda nikasimama katikati ya migomba. Kericho kuna wasichana wengi, wenye nywele na wenye meno, na kijana wa watu si jiwe. Mwaka mzima ni mrefu kwa kijana anayelala peke yake. Nilijua, wala hakuna aliyenifundisha, kwamba nikingoja nitampoteza.

Aliyeniokoa ni shangazi yangu, dada ya baba, aliyeolewa Masimba na kushona nguo kwa cherehani mbele ya duka. Pale barabarani aliona kila kitu kinachopita. Nywele zangu zilipoota urefu wa kucha, isipokuwa juu ya masikio ambapo palibaki peupe, alikuja na mafundo ya sufu nyeusi aliyonunua kwa Mhindi mjini Kisii. Alinikalisha katikati ya magoti yake asubuhi. Jua likapanda, likapita juu yetu, likaanza kushuka, na yeye bado anakamata vinywele vile vifupi kwa uzi, anaunga sufu, anasokota, anavuta mpaka machozi yananitoka, kisha anafunika mahali palipo wazi.

"Shangazi, unaning'oa na ngozi."

"Ngozi itaota. Mume je?"

Alipomaliza, misuko ilinifika mabegani. Nilitikisa kichwa nikasikia uzito ukinifuata nyuma, unachelewa kidogo, kama mtu anayekuja nyuma yako njiani bila haraka. Nilitikisa tena. Siku ile yote nilikuwa nikitikisa kichwa.

Magokoro alizunguka akinitazama. "Mke mwenzangu," alisema, maana kwetu nyanya na mjukuu wanataniana hivyo, "sasa babu yako ataniacha."

Esigani aliitwa aone. Alivuta msuko mmoja kama anayepima kamba ya ng'ombe, akaenda zake Suneka, akarudi.

"Mama anasema sufu ni sawa, hata nyasi ni sawa, mradi kichwa kisiwe cha msiba. Ila ameuliza. Hiyo rangi haishuki? Suneka kuna joto. Amesema atakuwa pale mlangoni mwa kanisa. Akiona mstari mweusi umeshuka juu ya gauni jeupe, kama masizi, atawarudisha nyumbani, harusi ingoje."

"Haishuki," alisema shangazi. "Hiyo ni sufu ya Ulaya."

Basi nikaanza maisha ya uvivu. Shangazi aliniachia sheria kabla ya kurudi Masimba. Nisibebe kitu kichwani. Nisikae juani. Nisiingie jikoni kwenye moshi. Kichwa kikiwasha nisikune kwa kucha, nipigepige kwa kiganja. Asubuhi nichovye kitambaa kwenye maji baridi, nikikamue sana, nipitishe katikati ya mistari ya ngozi tu, sufu isilowe.

Chemchemi zilikuwa zimepungua, na wasichana walipanga foleni bondeni na mitungi yao na ngata za majani makavu ya ndizi. Mimi nilifika na kidebe kidogo cha kubeba mkononi, maji ya kunawa uso, nimefunga kilemba.

"Mpisheni bibi arusi," binamu yangu mmoja alisema. "Kondoo wake wana kiu."

"Usiwaguse, wataangusha manyoya," akadakia mwingine.

Walicheka mpaka mmoja akamwaga maji yake. Na mimi nilicheka, lakini sikutikisa kichwa.

Mchana ndio ulikuwa wa ajabu. Wengine wako kwenye chai, vidole vinakimbia, na mimi nimelala kwenye mkeka chini ya ukingo wa paa, karibu na pareto. Ukitaka kujua harufu ya pareto, ni kama dawa na asali vimelala kitanda kimoja. Inzi hawasogei, maana pareto ni sumu yao. Joto linapanda kutoka ardhini, majani ya migomba yamejikunja kama mikono ya watu wanaosali, na mahali fulani mbali mtu anapasua kuni. Unaona shoka linashuka, na sauti inakufikia baadaye. Katikati ya shoka na sauti yake nilikuwa nimekwisha olewa, nimezaa, nimezeeka. Kichwa changu kilikuwa kizito na kitamu. Nilisinzia na kuamka na kusinzia, na sufu ilikuwa imejaa joto la jua kama mnyama aliyelala karibu nami.

Katika usingizi kama huo nikahisi mikono. Mikono ya polepole, laini, ikipita kwenye misuko mmoja baada ya mwingine, kutoka kichwani mpaka mwisho. Nilidhani ni ndoto, nikaiacha iendelee.

Alikuwa magokoro, na chungu chake cha samli.

Siwezi kumlaumu. Wakati wake, msichana wa kuolewa alipakwa samli kuanzia utosini mpaka miguuni, aangaze, jua limwogope. Bibi arusi mkavu alikuwa aibu ya nyumba. Aliona sufu imefifia kwa jua, imekuwa kama majivu, naye akaitendea kama alivyotendewa yeye. Nilipoamka misuko yangu ilikuwa inang'aa kama mgongo wa ndama aliyezaliwa sasa hivi.

"Tazama," alisema, amefurahi. "Sasa wewe ni mtu."

Sufu si ngozi. Samli iliingia ndani ikakaa. Kufikia jioni inzi walikuwa wamepata habari, pareto au si pareto. Kesho yake upepo uliinua vumbi la barabara, vumbi letu jekundu, na vumbi likaona mahali pa kulala. Misuko ikawa rangi ya matofali. Siku ya tatu ndama alinifuata mpaka kwenye ua akitaka kunilamba kichwa, na nilipomfukuza akarudi.

Shangazi alipokuja kuleta gauni, alisimama mlangoni akatazama kichwa changu kwa muda mrefu.

"Nani amemkaanga mtoto?"

"Nimempamba," alisema magokoro.

Shangazi hakuweza kumjibu mama yake vibaya. Alipasha maji, akatwaa kipande cha sabuni, akaniinamisha juu ya beseni. Samli ilitoka. Vumbi likatoka. Kisha maji yakageuka meusi. Alimwaga, akamwagia mengine, nayo yakawa meusi. Beseni la tatu lilikuwa jeusi kama la kwanza.

Niliona uso wangu ndani ya maji yale na nyuma yake mawingu meupe.

"Kumbe inashuka," alisema mama.

Harusi ilikuwa ndani ya wiki ile. Gauni lilikuwa limening'inia ukutani, jeupe, linatutazama.

Magokoro alikuwa amekaa pembeni, amejikunyata. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anafikiri. Alikuwa msukaji wa vikapu, na zile kamba zake nyeusi za mkonge, alizozitia rangi mwenyewe, zilikaa nyeusi kwenye mvua na juani mpaka kikapu kinaoza. Aliinuka bila kuaga, akarudi na magome ya mti wa muwati na kibuyu cha tope jeusi la kinamasi kule bondeni, lile linalonuka yai. Alichemsha magome mpaka maji yakawa mekundu kama chai iliyolala. Yalipopoa akayamimina kwenye hori la kunyweshea ndama, akanilaza chali chini ya migomba, shingo yangu kwenye ukingo wa hori, misuko yangu ndani.

"Lala. Kazi yako ni kulala, si ndiyo umekuwa ukifanya."

Nililala. Kwanza magome, halafu akapaka tope, halafu magome tena, na mimi sikuona chochote ila majani ya migomba na mbingu katikati yake. Kichwa changu hakikuwa changu. Kilikuwa kimekwenda na maji. Niliwasikia mama na shangazi wakizungumza kwa sauti za chini, na magokoro akiimba wimbo usio na maneno anaoimba akisuka, na nilidhani labda nimekuwa kikapu, na sikujali. Nilitamani tu niwe kikapu kinachofika Suneka salama.

Jioni alinisuuza, akapitisha kitambaa cheupe kwenye msuko. Kitambaa kilitoka na kivuli, si weusi.

"Iliyobaki," alisema, "ni ya Mungu na jua."

Siku ya harusi jua halikuwa na huruma. Tulikwenda kwa lori lililozoea kubeba majani chai, wanawake nyuma wakiimba, mimi mbele karibu na dereva, kioo kimefungwa kwa sababu ya vumbi na vumbi likiingia hata hivyo. Tulivyoteremka ndivyo joto lilivyopanda. Nilisikia jasho likianza chini ya sufu, likitafuta njia, likifika kwenye kisogo. Sikuweza kuligusa. Nilitazama mbele tu, na barabara ilikuwa inatetemeka kama maji.

Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa kanisa kama alivyosema. Mwanamke mfupi, mpana, kitambaa cheupe kimekunjwa mkononi. Esigani alikuwa nyuma yake. Watu wake wote walikuwa pale, na mwanawe alikuwa ndani, namwona mgongo tu, koti limembana.

Nilisimama mbele yake nikainamisha kichwa, kama inavyostahili. Alizunguka nyuma yangu, akainua misuko kwa mkono mmoja, akapitisha kitambaa kwenye shingo yangu, taratibu, kutoka sikio mpaka sikio. Kisha akakileta mbele kukitazama, na mimi, macho yakiwa chini, nikakiona pia.

Kilikuwa na vumbi jekundu. Na katikati ya vumbi kulikuwa na mstari mmoja mweusi, mwembamba kama sharubu ya paka.

Esigani alinyoosha shingo. "Ni nini hicho?"

Mama mkwe alikikunja kitambaa, upande mchafu ndani, akakikunja tena, akakisukuma kifuani mwake.

"Vumbi," alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Wametoka mbali, mnataka waje bila vumbi?"

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na jasho kuliko wangu.

"Tembea polepole, mwanangu," aliniambia sikioni. "Na usitikise kichwa."