Sheria Niliyoipigia Vigelegele

Muuza nyanya ndiye aliyeniambia kwamba niko uchi.

Nilikuwa nimevaa vizuri tu. Gauni refu, kilemba juu, nimeinama nachagua nyanya. Yule mama akanivuta mkono, akashusha sauti.

"Mwanangu, nenda nyumbani. Picha zako ziko kwenye simu za watu."

"Picha gani, mama?"

"Za bafuni."

Jamani, nyanya nikaziacha pale pale.

Picha zile nilijipiga mwenyewe, nikamtumia mume wangu akiwa safarini. Kosa liko wapi? Mtu na mumewe! Lakini wiki ile simu yangu ilikuwa imeanguka, kioo kikapasuka, nikaipeleka kwa fundi simu wa mtaani kwetu. Akanirudishia na kioo kipya na tabasamu juu. Kumbe mwenzangu alishajipakulia zile picha na kuzisambaza.

Nikamfuata, mimi na mdogo wangu. Huyu mdogo wangu tunamwita Kifaranga, kwa sababu tangu utotoni alikuwa habanduki nyuma yangu.

Fundi hata hakuinua macho.

"Mimi nimeionya jamii," akasema. "Watu wajue wake zao wanafanya nini na simu."

Ameionya jamii! Mnamsikia lakini?

Polisi wakaniambia hakuna kifungu. Ukiibiwa simu, njoo. Ukiibiwa picha iliyomo ndani ya simu, sheria haina habari. Mmoja wao alikuwa ananiangalia kwa macho ya mtu ambaye ameshaziona.

Mume wangu hakuniacha, namshukuru Mungu. Ila mimi ni msusi. Kazi yangu ni watu, vichwa vyao viko mapajani mwangu kutwa nzima. Hebu fikiria unamsuka mwanamke huku unajua ameshakuona maungo yako yote, na yeye anajua kwamba unajua. Acha tu.

Mteja wangu mmoja alikuwa wakili. Mama mpole, mwembamba, asiyepandisha sauti hata ukimvuta nywele. Siku moja akaniambia, "Dada, kuna muswada unakuja wa kulinda faragha za watu mitandaoni. Wanakusanya maoni ya wananchi. Twende ukaseme yaliyokupata."

Nikaenda. Kifaranga nyuma, kama kawaida yake.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Wakati tunasubiri, wakili akanisomea ule muswada. Ndani yake kulikuwa na kipengele kimoja kidogo: mtu akipiga au kusambaza picha ili kufichua uovu unaoumiza watu, asihesabiwe mkosaji.

Mimi nikasikia sauti ya fundi simu masikioni. Nimeionya jamii.

Damu ikachemka. Zamu yangu ilipofika nikasimama.

"Waheshimiwa, hicho kipengele kitoeni! Hakuna sababu njema ya kumwanika mtu bila ridhaa yake. Hata moja! Mkiacha huo upenyo, kila mshenzi atapita hapo hapo, atasema alikuwa na nia nzuri. Msimuulize kwa nini. Mfungeni!"

Weee! Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Wakili alikuwa ananivuta gauni nikae. Sikukaa.

Kipengele kikatolewa. Sheria ikapita. Siku hiyo nilipiga vigelegele pale saluni mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Fundi simu je? Hakuguswa hata unywele. Wakili akanieleza kwamba sheria hairudi nyuma, inaanza na makosa yatakayokuja. Iliniuma, nikasema haya, angalau itawafaa wengine.

Ikawafaa kweli. Nisikilizeni.

Kifaranga akapata kazi ya uyaya kwenye kituo cha kulelea watoto wadogo. Pazuri, nisiseme uongo. Ukutani wamechora vipepeo, mlangoni viatu vidogo vimepangwa. Kina mama walikuwa wanakisifia: watoto wa pale wametulia, ukipita nje husikii kelele. Wakasema mkuu wa kituo ana mkono wa kulea.

Siku moja Kifaranga akaja saluni anahema, uso umesawijika. Akanipa simu yake.

"Dada, tazama."

Ilikuwa video. Mkuu wa kituo ameshika selotepu pana, ile ya kufungia maboksi. Anakata kipande kwa meno. Mbele yake kuna mtoto wa mwaka mmoja hivi, analia. Akambandika mdomoni, akasogea kwa wa pili. Nyuma yao watoto wengine wameshabandikwa, wameegemezwa ukutani. Machozi yanatiririka, sauti hakuna.

Nililia kama niliyefiwa.

"Umemwambia nani?"

"Nilimwambia yeye mwenyewe. Akasema nikichonga sana nitafute kazi nyingine. Nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii, wakasema niache namba yangu ya simu."

"Sasa?"

"Nimeshaiweka mtandaoni, dada. Kila mtu ataona."

Nikamkumbatia. Nilimwonea fahari, siwafichi. Mtoto aliyekuwa anajificha nyuma ya gauni langu!

Kukazuka kizaazaa. Wazazi wakafurika kituoni, wengine wanapiga mageti, wengine wamekaa chini wanalia. Kituo kikafungwa siku hiyo hiyo. Sisi tukasema haki imepatikana.

Kisha polisi wakaja saluni. Kifaranga alikuwa ananisaidia kumfumua mteja.

"Wewe ndiye uliyesambaza picha za watu bila ridhaa yao?"

Kifaranga akacheka. Alidhani ni utani. Walimtoa na kitana mkononi.

Mahakamani shahidi wa kwanza alikuwa "mtaalamu wa simu", aliyewafungulia polisi simu ya Kifaranga. Mlango ukafunguka, akaingia mtu amevaa suti.

Fundi simu wetu. Yule yule! Sasa anafungua simu za wanawake kwa kibali.

Nilitaka kupayuka, mume wangu akanikanyaga mguu.

Wakili wetu alipambana, tumpe haki yake. Alimwambia hakimu kwamba sheria hii ilitungwa kumlinda mnyonge anayedhalilishwa, haikukusudia kumficha anayewatesa watoto. Nikamwona hakimu anaitikia kwa kichwa. Nikaanza kupumua.

Mwendesha mashtaka akasimama taratibu, hana haraka.

"Mheshimiwa, wakili msomi anatuambia sheria ilikusudia nini. Kwa nini tubahatishe? Tumsikilize mwananchi aliyeiomba."

Akabonyeza kompyuta yake.

Nikasikia sauti yangu.

"Hakuna sababu njema ya kumwanika mtu bila ridhaa yake. Hata moja! Msimuulize kwa nini. Mfungeni!"

Na yale makofi yote.

Kule kizimbani Kifaranga aligeuka, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Hakimu akasema anasikitika, lakini mlango ambao ungemtoa binti huyu ulikuwepo, na ulifungwa kwa ombi la wananchi wenyewe. Miaka miwili jela.

Na mkuu wa kituo? Video ilipatikana kinyume cha sheria, kwa hiyo haifai kuwa ushahidi. Bila video hakuna kesi, maana mtoto wa mwaka mmoja hawezi kupanda kizimbani, na neno la Kifaranga, mfungwa, hawakulitaka. Akaenda zake nyumbani, na video ikaamriwa ifutwe kila mahali.

Nilipokwenda kumwona Kifaranga gerezani, tulikaa, wavu katikati yetu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwomba radhi. Nilipomwona nikaishia kulia.

Yeye ndiye aliyenibembeleza.

"Dada, usijitese. Siku ile ulisema vizuri. Hata mimi nilipiga makofi."

Wakili anataka tukate rufaa na tuombe sheria irekebishwe. Nimemwambia aendelee, ila asinipeleke tena ukumbini. Yeye mwenyewe namwona hana imani, anaongea huku anaangalia pembeni.

Ndugu zangu mnaosoma, ninalo moja tu la kuwaachia. Sheria ikija kwa jina la kukulinda, isome siku huna hasira. Jiulize: mtu wangu akija kusema ukweli, hii itamfanya nini? Mimi nilidhani kisu kile tumeshika mpini. Kumbe tumeshika makali, na tulikinoa wenyewe.

Jana nilipita pale kituoni. Kimefunguliwa tena, mkuu ni yule yule, wamepaka rangi mpya na kuongeza vipepeo. Mlangoni kuna tangazo: NI MARUFUKU KUPIGA PICHA, KWA MUJIBU WA SHERIA.

Viatu vidogo vimepangwa nje, vingi kuliko zamani.

Nilisimama chini ya dirisha, nikatega sikio kwa muda mrefu. Hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyekuwa analia.