Nusu na Alama za Elimu Nne

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, hata leo na mvi zake anakunywa chai amesimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Alipokuja kukaa kwetu ili asome chuoni, nilidhani ni ugeni tu, utamtoka. Nikamwekea kiti. Kile kiti akakitumia kutundikia shati. Jina nililompa ni Nusu, maana neno hakulimaliza, salamu hakuimaliza, na mlango akiufungua haufungi.

Mimi nilisoma shule ya msingi nikaimaliza, na mwandiko wangu ulisifiwa mbele ya shule nzima. Neno nikiliandika naliandika lote, kichwa mpaka mkia. Basi siku nilipokuta chaki kwenye mlango wa jiko langu, "maji + moto", kisha mshale, kisha "chai", nilimwita.

"Shemeji, umekosa karatasi au umekosa adabu?"

"Ndivyo tunavyoandika kwenye kemia, shemeji. Mshale maana yake hivi vinazaa kile."

"Na maji atachota mshale?"

Alicheka, akaenda kuchota. Lakini mwaka haujaisha, kemia ikamchosha, akahamia sheria. Huko alirudi na alama kama nyoka wawili waliong'atana mikia, akasema hicho ndicho kifungu cha sheria. Sheria nayo hakukaa nayo. Akaenda hesabu, akaleta nukta tatu, mbili chini moja juu, kwamba ukiziona usome "kwa hiyo". Hizo nilizipenda, sikatai. Mume wangu alimsema mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilimuuliza tu anatafuta nini.

"Shemeji, kila elimu ina alama zake za mkato. Ukishazijua, umepewa ufunguo. Sasa mlango ukishafunguka, unakaa ndani ufanye nini?"

"Unapika, unalala, unazaa. Wewe unafungua milango ya watu kama mwizi, halafu hata kijiko huibi."

Elimu ya nne ilikuwa ya koo na ndoa. Huko mwanamume ni pembetatu, mwanamke ni duara, ndoa ni vistari viwili katikati yao, na aliyekufa anapigwa mstari wa kumkata. Akauchora ukoo wetu mzima, akaniletea.

"Mimi ndiyo hili duara?"

"Ndiyo, shemeji."

"Angalau umeniangalia vizuri."

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa duara lililokatwa. Nikamwambia aufute ule mstari. Mtu aliyenipokea nyumbani kwake hakatwi kama jibu lililokosewa. Akasema ndiyo kanuni. Hakuufuta, na mimi sikumsemesha mpaka kesho yake.

Chumba chetu cha mbele tulikuwa tumempangisha fundi cherehani, msichana mwenye maneno machache na mkasi mkali. Yeye na Nusu walikuwa wachumba, na posa ilikwishapokelewa. Siku aliyosikia kwamba Nusu ameanza kuulizia idara ya muziki, kwa kuwa eti alama zao zinaning'inia kwenye mistari kama nguo zilizoanikwa, Fundi alisimamisha mashine.

"Sikiliza. Shangazi yangu ana duka la kushona mji mwingine, ananihitaji. Ukiacha na hii ya nne, napakia cherehani yangu naenda. Maliza moja. Hata ikiwa mbaya, iwe nzima."

"Yaani utaniacha kwa ajili ya cheti?"

"Nitakuacha kabla sijawa elimu yako ya tano."

Toka siku hiyo Nusu alisoma kweli, ila alisoma akizunguka meza, mpaka mimi ninayepika nikawa napata kizunguzungu. Mtihani ukaja, akaandika, akatoka kabla ya wenzake wote, amejaa furaha. Wiki chache baadaye mwalimu wake akamwita: karatasi haisomeki. Alikuwa amechanganya mshale wa kemia, nyoka wa sheria, nukta za hesabu, pembetatu na maduara. Maneno kamili yalikuwa ya kuokota. Mwalimu akampa nafasi moja. Aje aisome mbele yake na mwalimu mwenzake, neno kwa neno. Litakalosomeka litasahihishwa, lisilosomeka, basi tena.

Tulimsindikiza mimi na Fundi, tukakaa kwenye benchi la ukumbini, mlango wa ofisi ukiwa wazi.

"Mtu huyu, na huyu, ndoa. Mume, kafa," tukamsikia. "Kwa hiyo nyumba kwake."

"Nyumba ya nani? Kwa nani?" mwalimu akauliza.

"Si inaonekana?"

"Kwako wewe. Soma kwa ukamilifu. Na ukae."

Akakaa. Akasimama. Akasogea dirishani. Kisha akatoka nje kabisa, jasho linamtiririka.

"Siwezi. Mwisho wake naujua, wao wanataka nipite njia nzima na kila jiwe nilitaje jina."

Fundi alikuwa amekunja mikono. "Mimi nikikata kitambaa nikaishia hapo, mteja ataondoka amevaa nini?" Akanyanyuka, akashika mkoba wake. Nikaona kabisa kwamba ule mkoba hauelekei nyumbani kwangu.

Nikamkamata Nusu mkono, nikaingia naye ofisini. "Walimu, mtuwie radhi. Huyu akisoma mbele ya wanaojua, anaruka. Niruhusuni nikae, anisimulie mimi nisiyejua."

Wakatazamana. Yule wa pili akacheka, akanisogezea kiti.

Nusu akaanza upya, na kila aliporuka nilimdaka.

"Huyo pembetatu ni nani kwa marehemu?"

"Kaka yake."

"Kaka wa tumbo moja, au wa baba tu?"

"Tumbo moja, shemeji."

"Basi sema. Na mjane yuko wapi? Umempita kama mlingoti."

"Nakuja kwa mjane!"

Alikuja kwa mjane. Kumbe ndani ya yale makorokocho mlikuwa na mwanamke anayegombea nyumba na shemeji zake, na watoto wawili, na mama mkwe anayemtetea. Nikasahau nimekuja kufanya nini, nikawa nauliza kwa uchungu. Nusu alisoma akitembea, dirishani na kurudi, na walimu wakamwacha atembee. Karibu na mwisho akakwama. Akaigeuza karatasi, akaisogeza kwenye mwanga.

"Huu mshale," akasema, "sikumbuki nilitaka useme nini."

Hakubuni. Mwalimu akalifuta jibu lile lote. Yaliyobaki yakatosha, lakini chupuchupu.

Fundi alipoambiwa, pale pale ukumbini, hakupiga vigelegele. Aliutua mkoba sakafuni, na kesho yake akamsimamisha Nusu katika chumba cha mbele ampime suti ya harusi. Nusu, utepe shingoni, akaanza:

"Unajua wasomi wa nyota nao wana alama zao? Kila sayari na yake. Jana nilipita pale idarani, kuchungulia tu..."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kola ya gauni lake.

"Nyota hazina haraka. Inua mkono."

Akainua wa kulia. Wa kushoto ulikuwa tayari unachora kitu hewani. Fundi akaukamata, akaupima nao.