Sato wa Mama, Mapanki Yangu

Leo asubuhi grupu letu la wawekezaji kwenye simu limeniomba nitoe ushuhuda. Eti nieleze, kwa dakika ishirini tu, nilivyoacha kazi nikiwa na miaka arobaini na moja na sasa naishi kwa riba. Kocha wetu wa fedha mwenyewe ameandika kwamba dada yenu wa Ukerewe ni mfano hai. Nilipomaliza kusoma nilitema mate. Kweli kabisa, nilitema, hapo hapo kwenye kibaraza cha mama yangu, na mama akageuza uso akauliza, "Nani anatema mate?" Nikamwambia nzi kaniingia mdomoni.

Ushuhuda sitoi. Watu watapiga makofi, na mimi makofi hayo yatanitapisha. Lakini mambo yenyewe nitayaandika, maana yamenikaa kooni.

Nilikuwa mhasibu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi pale Nyamagana, jijini Mwanza. Mshahara ulikuwa mzuri, usidanganyike. Nilipanga chumba kimoja Igoma, nyuma ya mafundi wa kuchomelea mageti, na sikuwa na mume wala mtoto. Siku moja bosi alitupeleka semina ya fedha kwenye ukumbi wa hoteli. Kocha alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa, akatuambia mshahara ni utumwa, na kwamba kila unachokula leo kinakula siku moja ya uhuru wako wa kesho. Halafu akamaliza na haba na haba hujaza kibaba, kama vile yeye ndiye aliyeitunga. Na mimi, mtu mzima na shahada yangu ya uhasibu, nikaandika kila neno kwenye daftari. Khaa!

Tangu siku hiyo theluthi mbili za mshahara zilikwenda kununua vipande kwenye mfuko wa uwekezaji na hatifungani za serikali. Theluthi iliyobaki ndiyo niliyoikaba shingo. Niliacha sukari. Niliacha saluni. Kutoka kazini nilitembea kwa miguu mpaka jasho linitoke, ndipo nikapanda gari kwa kipande cha mwisho. Michango ya harusi nilijibu kwamba nimefiwa, na michango ya msiba nilijibu kwamba naumwa. Kanisani kikapu cha sadaka kikikaribia nilikuwa nainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa vya kuchomeka tu, havina kamba.

Na nilikula mapanki. Kwa asiyeyajua: sangara akifika kiwandani wanamkata minofu, minofu inapanda ndege kwenda kwa wenye hela, na kinachobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, ndicho kinachouzwa huku mitaani. Kina mama wanakikaanga kwenye mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Kuna watu wanakula mapanki kwa sababu hawana namna, na hao sina neno nao. Mimi nilikuwa na namna. Nilikaa na sahani ya mifupa mbele yangu nikichokonoa nyama kwa kucha, na simu pembeni ikinionyesha pesa zilivyofika, na nikajiona mjanja kuliko Mwanza nzima. Kulikuwa na fundi umeme mmoja, mtu wa heshima zake, aliyekuwa ananitaka. Nilimpikia mapanki Jumapili tatu mfululizo. Ya nne hakuja. Unajua nilisemaje? Nilisema afadhali, nimeokoa unga.

Sasa njoo kwenye aibu yenyewe.

Mama yangu anakaa Nansio, kisiwani Ukerewe. Ni mjane, ana shamba la mihogo, na wakati huo alikuwa na ng'ombe wawili aliowaacha marehemu baba. Kila Ijumaa ya pili alikuwa anashuka mwaloni kwa wavuvi asubuhi, anachagua sato mmoja mnene, anamtoa matumbo mwenyewe, anamfunga kwa majani ya mgomba ndani ya kikapu, anampa mpagazi wa meli aniletee. Sato mmoja. Alikuwa anamnunua kwa hela ya mihogo yake. Mpagazi akinipigia naenda bandarini nachukua kikapu, na huku kikapu bado kinachuruzika maji napita moja kwa moja kwa mama mmoja mwenye mgahawa karibu na ofisi yetu. Namuuzia. Bei nzuri, maana sato wa Ukerewe mzima mzima hapatikani kirahisi mjini. Hela nanunulia vipande siku hiyo hiyo, halafu nampigia mama. "Mama, sato amefika. Mtamu huyo!"

"Umekula na ugali wa muhogo?"

"Ndiyo mama."

"Na kichwa umekula?"

"Nimekula mpaka macho."

Miaka tisa nilisema hivyo. Ukisikia mtu anasema hana moyo wa kudanganya, mwambie aanze na samaki, atazoea.

Mwaka wa tisa mama alikuja mwenyewe, bila taarifa ndefu. Aliniambia macho yake yana ukungu, na pembeni haoni vizuri, anagonga milango. Nilimpokea bandarini. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mbona umekonda hivi?" Tulipofika Igoma alifungua kanga kiunoni akanionyesha kifuko cha kitenge alichokishona kwa mkono. Alikuwa amewauza wale ng'ombe wawili. "Hii ni hela ya macho yangu," akasema, "sitaki kukusumbua, wewe una maisha yako." Na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa ahueni. Nilishukuru kwamba hatagusa mpango wangu.

Usemi unasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mgeni wangu nilimwekea mapanki. Mama alinawa, akapeleka mkono kwenye sahani, akapapasa. Akasogeza sahani karibu na uso. Akaikagua.

"Mama," akaniita hivyo, maana ndivyo anavyoniita akinihurumia, "hiki ni nini?"

"Samaki, mama."

"Mwili wake uko wapi?"

Nikacheka. Nilicheka, jamani! Nikamwambia huku mjini ndivyo tunavyokula, ni mtindo. Mama amezaliwa ziwani, amelelewa kwa samaki, na alikaa kwenye godoro langu akinyonya uti wa mgongo wa sangara. Alikula kidogo akanisogezea iliyobaki.

Kesho yake nilimpeleka hospitali. Daktari alimpima kwa mashine zake, akatuambia hii si mtoto wa jicho kama mama alivyodhani, ni presha ya macho. Akaeleza taratibu, kama anaongea na watoto: kilichokwisha potea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa operesheni na dawa, na asichelewe. Akatupa siku, wiki inayofuata. Hela ya kwenye kifuko ilikuwa inatosha, na chenji ya nauli inabaki. Mama alitoka pale anafurahi. Alikuwa anahesabu majirani atakaowaona vizuri akirudi.

Tukarudi kwa miguu ili niokoe nauli, tukapita mbele ya mgahawa. Nilikuwa nimesahau. Yule mama mwenye mgahawa alituona, akatoka na mwiko mkononi, mtu mchangamfu, hana hatia yoyote.

"Shikamoo mama! Huyu ndiye mama yako? Ndiye wewe unayetuletea sato? Jamani mama, wateja wangu wanawagombania sato wako. Ijumaa ya kikapu hapa hapakaliki!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwangalia mama. Alisimama na fimbo yake, kitambaa kichwani, akatabasamu akasema, "Marahaba mwanangu. Ndiyo, tunafanya biashara, mimi na binti yangu. Nitakuongezea."

Alinifunika. Pale pale, mbele ya watu, alinifunika aibu yangu kwa uongo wake wa kwanza ninaoujua. Tukatembea mpaka Igoma. Tulipofika alikaa, akavua viatu, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Kazini wanakulipa, mwanangu?"

Hapo ndipo. Kama kuna mahali nikipewa kurudi nitarudi, ni hapo. Ningesema, mama, nina hela, nina hela nyingi kuliko ukoo wetu wote, ni uchoyo tu umenipanda kichwani. Lakini kocha alikuwa ametufundisha tusitangaze, ndugu wakijua una akiba watakuja na vikapu vitupu. Na mimi nikamwona mama yangu, yeye aliyeniletea kikapu kilichojaa miaka tisa, nikamweka kwenye fungu hilo. Nikasema, "Hali ngumu, mama."

"Nimeona," akajibu.

Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini nikakuta chumba kimefagiliwa na mama hayupo. Fundi mmoja wa mageti akaniambia bibi ameomba aelekezwe gari la bandarini tangu asubuhi. Nikachukua ndoo ya unga nipike, na mkono ukagusa kitambaa. Kifuko cha kitenge. Hela yote ilikuwemo isipokuwa nauli ya meli. Nikampigia simu.

"Mama, umefanya nini? Na operesheni?"

"Macho yangu yameshaona mengi," akasema. "Nunua chakula, mwanangu. Nunua samaki mwenye mwili."

Nililia, ndiyo. Nililia mpaka jirani akagonga ukuta. Na Jumatatu nikanunua vipande.

Soma tena kama hujaamini. Nilichukua hela ya ng'ombe wa baba, hela ya macho ya mama, nikainunulia vipande, kwa sababu nilikuwa nimebakiza kidogo sana kufika lile lengo nililoliandika kwenye daftari. Nilijiambia hela ikizaa nitamfanyia operesheni ya maana, tena hospitali kubwa. Kocha alikuwa na neno lake kwa jambo hilo pia, alisema usile mbegu. Ptuu! Nilimtumia dawa ya matone mara mbili ndani ya mwaka mzima. Kila nikipiga simu namuuliza macho vipi, anasema, "Naona, naona." Alikuwa amejifunza kwangu. Na sato aliendelea kuja kila Ijumaa ya pili, na sasa walikuwa wawili.

Lengo likafika. Niliandika barua ya kuacha kazi, wenzangu wakanikatia keki, nikapanda meli kwenda Nansio na begi moja. Mama alikuwa amekaa kibarazani. Nilisimama mbele yake, hatua tatu tu, na jua lote lile, nikasubiri aseme kitu. Akasema, "Karibu, nani mwenzangu?"

Nimempeleka Mwanza mara mbili tangu hapo, kwa madaktari wawili. Nimelipa bila kuuliza bei, na wote wameniambia maneno yale yale ya mwanzo. Kilichokwenda kimekwenda.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Afadhali ningekula na mama. Mimi janga nililichuma nikamlisha yeye peke yake, na mimi hapa ni mzima, nina afya, nina macho mawili, na kila baada ya miezi sita riba inaingia kwenye simu yangu ikilia kengele. Mama akisikia ile kengele anauliza kama nimepata kazi.

Maana anaamini nimefukuzwa. Mtu gani wa miaka arobaini na moja anaacha kazi kwa hiari yake? Amewaambia kina mama wa jumuiya, nao wananiombea kila Jumatano. Wananiletea mihogo na maharage kwenye vitambaa, wanasema pole mwanetu, Mungu ana mpango. Napokea kwa mikono miwili. Kuna siku nilifungua mdomo nimweleze mama ukweli, nikaona swali litakalofuata: kama hela ulikuwa nayo, sasa macho yangu? Nikafunga mdomo. Nina wakati wote duniani, ndio huo uhuru niliouhangaikia, na sipati dakika moja ya kusema neno hilo.

Leo, baada ya kutema mate yale, nilishuka mwaloni nikanunua sato mkubwa kuliko wote niliowakuta. Nikampika kwa nyanya na ndimu, mzima, nikaweka sahani moja katikati yetu kama desturi. Mama alinawa, akapapasa kutoka kichwani mpaka mkiani, akatabasamu. "Huyu ana mwili," akasema.

Halafu vidole vyake vikaanza kazi. Vinajua samaki kuliko macho. Alibandua mnofu wa juu, akausogeza upande wangu. Akageuza, akabandua mnofu wa chini, akausogeza upande wangu. Kwake akabakiza kichwa, uti wa mgongo na mkia.

"Kula, mwanangu," akasema. "Mimi hii inanitosha. Wewe umepata shida sana."

Nikala.